Ireland bila gari: shajara ya kuwazungusha mama na khalati kwa treni, basi na meli

12 Januari 2025: Mpango wa kwanza

Mama na khalati wanakuja Dublin mwezi wa tano, inshallah, kwa wiki tatu. Mama ana miaka 67 na goti lake la kushoto halitaki ngazi. Khalati ni mdogo wake kwa miaka minne, miguu yake bado mizima. Nataka kuwatoa mjini kwa siku sita hivi waione nchi hii kwa utulivu, bila kukimbizana. Nayaandika haya hatua kwa hatua kwa sababu maelezo ya Kiswahili sikuyapata, na ya Kiingereza karibu yote yanaanza kwa kukuambia ukodi gari.

Mimi gari siwezi kukodi. Leseni ya Kenya haibadilishwi hapa. Ukihamia unaweza kuitumia mwaka mmoja tu, kisha unaanza upya: mtihani wa maswali, leseni ya mwanafunzi, masomo 12 ya lazima na mwalimu, halafu mtihani wa barabarani. Niko katikati ya masomo hayo, na mwanafunzi haruhusiwi kuendesha bila mtu mwenye leseni kamili pembeni yake. Nilipomweleza mama kwa simu kwamba tutakwenda bila gari, akanijibu, "Kwani sisi Lamu tulikuwa na gari?" Yeye amekulia mtaa wa Mkomani, ambako safari ni miguu, punda au mashua. Jibu lake lilinipa nguvu.

Mpango nilioandika usiku huohuo: Dublin, Galway, Westport, Killarney, Cork, Belfast, kurudi Dublin. Miji mitano kwa usiku sita. Kwenye ramani ni duara zuri kabisa.

Asubuhi nikachora njia za reli juu ya ramani ileile, duara likavunjika. Reli za Ireland zinatoka Dublin kama vidole kwenye kiganja. Stesheni ya Heuston inakupeleka Galway, Westport, Limerick, Cork, Tralee na Waterford. Ya Connolly inakupeleka Sligo, Belfast na Rosslare. Kutoka ncha ya kidole kimoja hadi ncha ya kingine, mara nyingi lazima urudi kiganjani au karibu nacho. Galway na Westport ni majirani, lakini kwa treni unarudi hadi Athlone, katikati ya nchi, ubadilishe. Galway hadi Killarney ni kubadilisha Limerick, tena Limerick Junction, na mara nyingi tena Mallow. Kwa goti la mama hiyo ni adhabu.

24 Januari: Dhoruba

Leo ningekwenda Galway kujaribu njia. Badala yake nimekaa ndani, madirisha yanatetemeka. Dhoruba ya Éowyn imeingia alfajiri, tahadhari nyekundu nchi nzima. Treni na mabasi yamesimama. Mace Head, pwani ya Galway, upepo umepita kilomita 180 kwa saa na kuvunja rekodi iliyokuwapo tangu 1945. Nyumba zaidi ya laki saba hazina umeme.

Chumba cha Galway nilikilipia kwa bei ya chini isiyorudishwa: euro 42 zimekwenda. Nimebadilisha mambo mawili. Kuanzia sasa nalipia tu vyumba ninavyoweza kufuta bila hasara, hata kama bei imezidi kidogo. Na ndani ya mpango lazima iwemo siku moja tupu, ambayo dhoruba ikija itaila hiyo, na isipokuja tutapumzika.

Dhoruba kama hii haitarajiwi Mei, lakini mvua na upepo wa kawaida haukosi. Idara ya hali ya hewa, Met Éireann, hutoa tahadhari kwa rangi tatu: manjano, chungwa, nyekundu. Ukiona chungwa mahali unapokwenda, angalia kwanza kama basi lipo.

9 Februari: Viza, na Belfast inafutwa

Hapa ndipo nilipokosea vibaya zaidi, na nawaomba wenye pasipoti za kwetu msome polepole.

Ireland haimo kwenye viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na viza ya Uingereza haimwingizi Mkenya hapa. Mama na khalati wanaomba viza ya Ireland yenyewe. Ya kuingia mara moja ni euro 60, ya kuingia mara nyingi ni euro 100. Fomu zinajazwa mtandaoni, kisha karatasi zinapelekwa: barua yangu ya mwaliko, taarifa za benki, bima, uthibitisho kwamba watarudi nyumbani. Tuliomba ya mara moja. Euro 120 kwa wote wawili.

Wiki iliyopita nilikuwa nimekwisha lipa arbuni ya euro 60 kwa ziara ya basi ya siku moja, kutoka Dublin hadi Belfast na miamba ya Giant's Causeway. Jana usiku, nikiwa nimelala, ndipo nikakumbuka: Belfast iko Ireland ya Kaskazini, na hiyo ni sehemu ya Uingereza. Mpakani hakuna kizuizi, hakuna askari, treni inapita kama inavyopita Voi. Lakini sheria ipo. Mkenya anahitaji viza ya Uingereza kukanyaga kule, na viza ya Ireland ya kuingia mara moja inakuwa imetumika akitoka, hana haki ya kurudi nayo. Sitamweka mama kwenye hali ya kuulizwa pasipoti njiani akiwa upande asioruhusiwa.

Nimefuta ziara. Arbuni haikurudi.

23 Februari: Safari ya majaribio

Nimerudi usiku huu kutoka siku mbili za kupita njia peke yangu. Jumla euro 96: treni, basi, kitanda, chakula. Ni pesa nilizozitumia vizuri kuliko zote, maana makosa yaliyonikuta mimi hayatamkuta mama.

Dublin hadi Galway kwa treni ni kama saa mbili na nusu, choo kimo, meza imo, na unavuka mto Shannon pale Athlone ukiwa umekaa. Stesheni ya Galway iko mjini kabisa, ukitoka tu uko Eyre Square, uwanja wa katikati ya mji. Hapo sina la kuongeza.

Jumamosi hiyohiyo nikapanda basi namba 350 kwenda kwenye majabali ya Moher. Barabara ya pwani ni nzuri lakini inajikunja na kujikunja, karibu saa mbili kwenda, na ndani ya basi hakuna choo. Nikaliandika hilo kwa wino mwekundu. Juu ya majabali, mita 214 kutoka baharini, kuna ngazi na mwinuko, na upepo ulinisukuma mimi mwenye kilo 80.

Kurudi, nilisubiri kituo cha barabarani Doolin. Basi likatokea kwenye kona, namba sahihi, dakika sahihi. Nikasimama wima, mkoba begani. Likapita. Dereva alinitazama, nami nikamtazama, likapita. Mzee aliyekuwa akifunga lango la shamba lake akaniambia bila haraka kwamba huku basi huwa linapungiwa mkono. Usiponyoosha mkono dereva anadhani unapumzika tu. Lililofuata lilikuja baada ya saa mbili na ushei, giza limeshaingia, soksi zimelowa. Nyumbani matatu ndiyo inayokuita wewe. Huku wewe ndiye unayeita: nyoosha mkono mapema, mara tu unapoliona.

Jumapili kosa jingine. Galway hadi Limerick kuna treni ya moja kwa moja, kama saa mbili, kupitia Athenry na Ennis. Kutoka hapo nilikuwa na tiketi ya kwenda Cork inayoanzia Limerick Junction. Kwa akili yangu hiyo ilikuwa stesheni ya mji wa Limerick. Siyo. Limerick Junction iko mashambani, mkoa wa Tipperary, na stesheni ya mji wa Limerick inaitwa Colbert. Kati yao kuna treni ndogo ya kupeleka na kurudisha watu, nami nilikuwa naizungukia Colbert nikitafuta jukwaa lisilokuwapo. Nilingoja saa mbili. Ukinunua tiketi, inunue moja nzima, Galway hadi Cork, ili mfumo wenyewe ukupangie mabadilisho. Usiunganishe vipande kwa mkono kama nilivyofanya.

6 Aprili: Mpango mpya

Ramadhani ilinipa muda wa kufikiri, na baada ya Idi nimekaa na karatasi tupu.

Nilichokuwa nakitafuta tangu Januari ni kuzunguka. Sasa nimeacha kuzunguka. Tunalala sehemu mbili tu: Galway usiku tatu, Cork usiku mbili. Kila asubuhi tunatoka mikono mitupu, jioni tunarudi kitanda kilekile. Mizigo inabebwa siku tatu tu kati ya sita. Westport na Killarney zimeondoka. Killarney iliniuma, kwa sababu hifadhi yake ndiyo ya kwanza ya taifa hapa, tangu 1932, na magari ya farasi yapo tayari mlangoni. Lakini kuingiza mji wa tatu ni kurudi kwenye mpango wa Januari.

Majabali ya Moher yalikuwa shida yenyewe. Khalati amekuwa akinitumia picha zake kila Ijumaa, na mama hawezi saa nne za basi lisilo na choo. Suluhisho limetoka baharini. Msimu ukifunguka, kuna meli inayotoka gati la Galway mjini, dakika chache kwa miguu kutoka Eyre Square, inakwenda kisiwa cha Inis Mór, na wakati wa kurudi inapita chini ya majabali hayohayo. Hakuna ngazi, choo kimo, na watu waliozaliwa Lamu hawaogopi chombo. Euro 55 kila mmoja. Njia ya kawaida kupitia gati la Rossaveel ni nafuu, meli yenyewe ni dakika 40 tu, lakini inataka basi kwenda na kurudi, na majabali huyaoni. Nimechagua ya mjini.

Vyumba: Galway euro 140 kwa usiku, Cork 145. Vyote ghorofa ya chini. Niliwapigia simu wenyeji kuuliza ngazi ni ngapi kutoka barabarani hadi kitandani, kwa sababu mmoja aliandika "ghorofa ya chini" kumbe kuna ngazi tisa mlangoni. Huyo nilimwacha.

27 Aprili: Saa moja ya nani?

Mpwa wangu, aliyezaliwa hapa, alijitolea kukata tiketi za treni. Nikamtumia ujumbe kwa simu: "Jumatatu tarehe 12, treni ya saa moja na nusu hivi asubuhi, watu watatu." Ujumbe ulikuwa wa sauti, na neno "asubuhi" lilimezwa na kelele za basi. Kiswahili anakijua, lakini saa zake ni za Kiingereza. Akakata ya saa moja na nusu ya kwao, yaani saa saba na nusu mchana kwetu.

Tuligundua leo, nilipoona 13 kwenye tiketi. Kubadilisha pamoja na tofauti ya bei kumenigharimu euro 27 kwa watu watatu. Na kumbe imekuwa heri: nilipotulia nikaona kumtoa mama kitandani alfajiri ni haraka ya bure, nikachukua ya saa tatu na ushei. Tangu leo kila ratiba ya familia naiandika kwa tarakimu za tiketi, na chini yake saa ya Kiswahili. Mistari miwili, kila safari.

12 Mei: Heuston hadi Galway

Ukikata tiketi mtandaoni na kuchagua kiti, jina lako linawaka kwenye kioo kidogo juu ya kiti. Nilikuwa nalijua hilo, sikumwambia mama. Aliingia behewani akishika viegemeo vya viti kimoja kimoja, mtandio umemshuka kichwani, akitafuta pa kukaa. Akainua macho. Jina lake, herufi za manjano, juu ya dirisha. Akalisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kama anayehakikisha hakuna mwingine mwenye jina hilo. Kisha akakaa chini yake, akatandaza mtandio vizuri, na hakuzungumza mpaka tulipoipita Kildare. Khalati akapiga picha.

Kosa la leo ni la chakula. Mkahawani niliagiza supu nzito ya samaki na maziwa, nikidhani samaki ni salama siku zote. Supu hiyo hapa mara nyingi inatiwa vipande vya nyama ya nguruwe. Bahati khalati aliuliza kabla ya kijiko cha kwanza. Na viazi vya kukaanga: maduka mengine hukaangia mafuta ya ng'ombe, hivyo nayo inaulizwa. Kuanzia kesho tunabeba chakula cha mchana kutoka chumbani.

Jambo jingine la kupanga ni sala. Galway katikati ya Mei jua linatua kama saa tatu na nusu usiku, Isha ni karibu usiku wa manane, na Alfajiri inakuja mapema mno. Kwa kuwa ni wasafiri, mama na khalati wamekusanya na kupunguza, na asubuhi hatutoki kabla ya saa tatu.

13 Mei: Baharini

Imefaulu kuliko nilivyoomba. Jua kali, bahari shwari kwa kipimo cha huku, ingawa abiria wawili walitapika na khalati akawagawia tangawizi kavu kutoka mkobani. Mama alikaa nje njia nzima.

Kilronan, bandari ya Inis Mór, ukishuka tu, magari ya farasi yanangoja. Tulikubaliana euro 60 kwa watatu, kwenda na kurudi. Kubaliana kabla ya kupanda. Kisiwa chote kimekatwakatwa kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa, na kati ya jiwe na jiwe unaona mbingu. Mama aliniuliza mawe yanashikwa na nini. Nikamwambia na uzito wake. Mwenye farasi alisema na mnyama wake kwa Kiayalandi, lugha ya kisiwa, na mama akamkuna yule farasi shingoni akisema naye kwa Kiamu.

Ngome ya Dún Aonghasa iko ukingoni mwa jabali la kama mita 100, na upande wa bahari hakuna kizuizi chochote. Njia ya kupandia ni mawe matupu. Mama alibaki ufukweni Kilmurvey, nami na khalati tukapanda. Wenye watoto wadogo, washikeni mikono.

Wakati wa kurudi meli ilipunguza mwendo chini ya majabali ya Moher. Kutoka chini ni makubwa kuliko nilivyoyaona Februari nikiwa juu yake. Khalati aliweka simu mfukoni.

14 Mei ilikuwa siku tupu. Dhoruba haikuja. Mama alikaa Claddagh akitazama bata maji weupe, tukanunua samaki, tukapika.

16 Mei: Cork na Cobh

Jana Galway hadi Cork, tiketi moja nzima, euro 22 kila mtu. Niliacha nafasi ya saa nzima Limerick, Colbert, kwa chai na choo. Hakuna aliyekimbia. Stesheni ya Cork haiko katikati ya mji, kwa hiyo wenye mizigo wachukue teksi.

Leo Cobh, treni ya dakika 25 hivi. Bandari hii ndiyo Titanic iliyosimama mwisho, tarehe 11 Aprili 1912. Kosa: niliangalia umbali wa kanisa kuu kutoka stesheni, sikuangalia mlima. Mji umepandana kama viti vya uwanja wa mpira. Khalati alipanda, mama akabaki bandarini kwenye benchi, karibu na sanamu ya Annie Moore na wadogo zake wawili wa kiume. Msichana huyo aliondoka hapa akawa mhamiaji wa kwanza kupokelewa Ellis Island, New York, mwaka 1892.

Mama aliiangalia ile sanamu muda mrefu. Akauliza mama yao alikuwa wapi. Nikamwambia alikuwa New York tayari, akiwangoja. "Basi huyo mama alipata bahati," akasema, na akanishika mkono.

18 Mei: Hesabu

Safari yenyewe, watu watatu, usiku tano: treni zote pamoja na Cobh euro 198, kubadilisha tiketi 27, vyumba 710, meli 165, gari la farasi 60, teksi 48, chakula 210. Jumla euro 1,418. Ongeza viza 120, majaribio 96, arbuni ya Belfast 60 na chumba cha dhoruba 42, inafika euro 1,736. Kati ya hizo, zilizopotea bure kabisa ni 129: arbuni, chumba na tiketi.

Ningerudia, ningelala Cork usiku mmoja zaidi, na ningebeba kiti chepesi cha kukunja kwa ajili ya mama, kwa sababu majukwaa ya treni hayana mabenchi ya kutosha.

Khalati anataka kurudi mwakani, na ametaja Donegal. Nimeanza kuangalia. Mkoa mzima hauna treni, na mabasi ya Dublin kwenda Donegal na Letterkenny hukata kupitia Enniskillen au Omagh, ambako ni Uingereza, yaani shida ya viza ileile. Njia inayobaki ndani ya Ireland ni treni ya Connolly hadi Sligo, kisha basi la kwenda kaskazini kupitia Ballyshannon. Septemba nitaipita mwenyewe kwanza, nihesabu ngazi.